Milimita Tisa

Milimita tisa.
Mimi ni fundi wa nguo, mwaka wa thelathini na moja sasa,
hapa Tororo, kwenye kibaraza cha duka la Musenero.
Tisa naijua.
Ni kifungo cha kola ya shati la mwanafunzi,
kile kinachodondoka chini ya cherehani
ukapiga magoti kukitafuta kwa mshumaa na matusi.

Damu ilirudi Jumapili moja ya Machi,
baada ya miaka minane ya ukavu niliouzoea
kama mtu anavyozoea nyumba ambayo watoto wamehama.
Tone moja, kana kwamba sindano imenichoma
mahali ambapo sikuwa nashona.
Nilifua shimizi usiku, nikaianika ndani
kama msichana. Na miaka yangu sitini na mmoja.

Hospitali waliniambia ninywe maji, lita nzima na zaidi,
kisha nibane.
Tulikuwa sita kwenye benchi, magoti yamegandana.
Binti mmoja mwenye mimba akanigeukia kwa utani:
Mama, na wewe, huyu wa ngapi?
Nikamjibu: wa mwisho.
Tulicheka hadi nusura nijiaibishe sakafuni.

Kijana wa mashine, Emoru,
alisema samahani kabla ya kila kitu:
samahani ya shuka, samahani ya ule uteute wa baridi.
Kwenye skrini palikuwa na vumbi la kijivu,
kama saruji ya kiwandani inavyotua juu ya mabati yetu kiangazi.
Alipima. Akasogea. Akarudi, akapima tena.
Fundi akipima mara mbili mahali pale pale
najua maana yake:
ama mteja ametikisika,
ama kitambaa hakitatosha.

Sikutikisika.

Daktari Nyachwo alisema, ukuta umenenepa kidogo,
mara nyingi si kitu.
Mara nyingi.
Nimelivuta neno hilo kila upande
na kila upande uzi unaachia.
Alichukua kipande, kidogo kuliko kijinyuzi cha pindo,
kikapanda gari kwenda Mbale bila mimi.
Siku kumi, akasema.

Wananiambia subira huvuta heri.
Yangu mpaka sasa imevuta mende na saa tisa za usiku.
Treni ya mizigo inapita ikielekea Malaba,
nahesabu mabehewa, nayapoteza, naanza upya.
Taaka, muuza mukene, yeye alipitia haya haya,
wakamkuta na kinyama kisicho na neno, kikatolewa,
Ijumaa akawa sokoni anapunja watu kama kawaida.
Nyaburu naye alipitia haya haya.
Nyaburu simtaji usiku.

Mjukuu alitaka kutafuta kwenye simu.
Nikamwambia weka chini hiyo simu, nisaidie kutunga uzi,
macho yangu leo yana maji.
Hakuuliza maji ya nini. Alilowesha uzi kwa ulimi,
akautia tundu mara ya kwanza tu,
kisha akakaa karibu nami, bega kwa bega,
akijifanya anasoma.

Bahasha ya kaki iko kwenye droo ya cherehani,
kati ya bobini na chaki.
Sijaihamisha. Nikifungua droo kutafuta chaki
nayo naiona, tunasalimiana, nachukua chaki.

Leo, siku ya saba, nimetoa kile kitambaa
cha zambarau nilichokificha tangu Krismasi ile,
nikisema nitajishonea gomesi nikipata nafasi.
Nimejipima mwenyewe, kazi ngumu, futikamba inateleza.
Kifua. Kiuno. Nyonga,
hapo nikasimama kidogo,
mkono juu ya mahali penyewe, nikipasikiliza.
Pakawa kimya, pana joto tu, kama pasi iliyotoka kuzimwa.

Nimekata.
Pembeni nimeacha mshono mpana, vidole viwili kila upande,
wa kuongeza nikinenepa,
wa kupunguza ikibidi kupunguza.